MAISHA YA WATAKATIFU WA KARNE ZA KATI: UTANZU, ISTILAHI NA MSOMAJI WA KAKAMEGA

Utangulizi

Mtu apitaye katika Kaunti ya Kakamega akisoma vibao vya njiani hukutana na majina ya watakatifu kila mara: Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu mjini Kakamega, Hospitali ya Mtakatifu Elizabeth huko Mukumu, Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Agnes huko Shibuye. Majina hayo hayakubaki vibaoni tu. Yameingia majumbani, na leo Margaret, Christopher, Catherine na Barbara ni majina ya nyanya na babu, wajomba na shangazi. Kila mojawapo liliingia kwa ubatizo, na nyuma ya kila mojawapo pana hadithi iliyoandikwa kwa Kiyunani au Kilatini karne nyingi kabla ya misheni ya kwanza kufunguliwa katika sehemu hizi.

Hadithi hizo ni za namna gani? Jibu la wengine ni kwamba ni historia, na kwamba kuzitilia shaka ni kuikosea dini heshima. Jibu la wengine ni kwamba ni uwongo wa watu wa kale, usiostahili kushughulikiwa na msomi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana kasoro moja: yanatoa hukumu kabla ya kuuliza utanzu. Kwanza tutaeleza asili na muundo wa maandishi hayo. Kisha tutayaweka mbele ya msikilizaji aliyelelewa kwa ngano za Kiluhya. Halafu tutatazama jinsi ukweli wake ulivyopimwa. Na mwisho tutajadili istilahi ifaayo kuyaita kwa Kiswahili. Suala la istilahi si dogo, maana jina tulipalo andiko ndilo linalomwongoza mwanafunzi jinsi ya kulisoma.

Njia ya hadithi hadi Kakamega

Shirika la Wamisionari wa Mill Hill lilianzishwa London mwaka 1866, na mapadri wake wa kwanza walifika Uganda mwaka 1895. Kutoka huko walivuka kuelekea mashariki, wakafungua misheni ya Mumias mwaka 1904 na ya Mukumu mwaka 1906. Hadi mwaka 1925 nchi hii ya magharibi mwa Kenya ilikuwa chini ya Vikarieti ya Nile ya Juu, yenye makao yake Uganda. Mwaka huo ndipo ilipoundwa Prefektura ya Kavirondo, nayo Jimbo la Kakamega likaja kuundwa mwaka 1978. Kwa hiyo hadithi za watakatifu zilifika Kakamega kwa njia mbili: moja kutoka Ulaya, na ya pili kutoka Uganda, ambako wakati huo huo maisha ya watakatifu wapya yalikuwa yakikusanywa. Tutairudia njia hii ya pili hapo baadaye.

Asili ya utanzu

Yafaa kukumbuka kwamba utanzu huu haukuzaliwa Ulaya peke yake. Mojawapo ya maandishi yake ya mwanzo ni simulizi la Perpetua na Felista, waliouawa Carthage, katika Tunisia ya leo, mwaka 203. Andiko lililokuwa kielelezo kwa waandishi wengi waliofuata ni Maisha ya Antoni, yaliyoandikwa kwa Kiyunani na Atanasi, Askofu wa Aleksandria nchini Misri, baada ya Antoni kufariki mwaka 356. Antoni alikuwa mkaapweke wa jangwani. Kabla ya karne ile ya nne kwisha, Sulpicius Severus alikwisha andika kwa Kilatini maisha ya Martino wa Tours, yule askari aliyelikata joho lake vipande viwili akampa maskini kipande kimoja. Mwishoni mwa karne ya sita Papa Gregori Mkuu aliandika habari za Benedikto. Kwa hiyo karne za kati zilipoanza, mfano ulikuwa umekwisha tengenezwa, na sehemu yake kubwa ilitengenezwa katika bara letu.

Kitabu kilichoueneza utanzu huu kuliko vyote ni Legenda Aurea, yaani Legenda ya Dhahabu. Mtungaji wake, Jacobus de Voragine, alikuwa mtawa wa Shirika la Wadominiko, naye alikitunga katika miaka ya 1260 hivi. Baadaye, mwaka 1292, alifanywa Askofu Mkuu wa Genoa, akafariki mwaka 1298. Habari za watakatifu amezipanga kwa kufuata mwaka wa kanisa, sikukuu baada ya sikukuu, ili mhubiri apate kwa urahisi habari ya siku ihusikayo. Miswada ya mkono ya kitabu hiki iliyosalia hadi leo yazidi 1,000, na mwaka 1483 William Caxton alikipiga chapa kwa Kiingereza.

Hapo pana jambo la lugha lisilofaa kupuuzwa. Kwa Kilatini neno legenda lina maana ya "yapasayo kusomwa". Lilitaja kazi ya andiko: lisomwe kwa sauti kanisani au katika chumba cha kulia cha watawa siku ya mtakatifu huyo. Halikusema lolote juu ya ukweli au uwongo. Baadaye, katika lugha za Ulaya, neno hilo hilo lilikuja kuwa na maana ya habari isiyoaminika. Andiko halikubadilika, kilichobadilika ni swali la msomaji.

Muundo na kaida zake

Maisha ya mtakatifu wa karne za kati hufuata hatua zinazojulikana. Kwanza huja jina na maana yake. Kisha hufuata dalili za utotoni, kuuacha ulimwengu, majaribu, matendo ya huruma, kifo ambacho mwenyewe hukitambua kabla hakijafika, na mwisho miujiza kaburini. Mtakatifu mmoja hufanana na mwingine, na mara nyingine muujiza wa huyu huonekana tena kwa yule. Msomaji wa leo huona hapo udhaifu au wizi. Kwa mwandishi wa zamani mfanano huo ulikuwa ndio ushahidi wenyewe: ikiwa watakatifu wote wanamfuata bwana mmoja, basi hapana budi wafanane.

Hatua ya kwanza, yaani maana ya jina, yatufaa zaidi sisi tunaoshughulika na lugha. Jacobus hulitangulia simulizi la Agnes kwa kulifafanua jina lake kutokana na neno la Kilatini agna, mwanakondoo, kwa kuwa msichana huyo alikuwa mpole kama mwanakondoo. Wanaisimu husema kwamba jina hilo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "safi". Je, Jacobus alikosea? Kama alikuwa akifanya isimu, alikosea. Lakini hakuwa akifanya isimu. Alikuwa akilitumia jina kama mlango wa kuingilia katika tabia ya mtu. Husimuliwa hapa kwetu kwamba jina Kakamega latokana na neno la kufinya, kwa sababu Wazungu wa kwanza walionekana wakiufinyafinya ugali badala ya kuumega. Msimulizi wa habari hiyo hatoi taarifa ya asili ya neno. Anasema jambo juu ya wageni, na juu ya namna wenyeji walivyowatazama. Anayemsahihisha kwa kamusi atakuwa amepata neno na kupoteza maana.

Hali kadhalika, msomaji wa Kakamega ana mfano ulio karibu zaidi wa kaida za utanzu huu, nao ni wasifu wa marehemu usomwao mazishini. Wasifu huo hutaja kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa, na jinsi marehemu alivyoagana na watu wake. Hautaji madeni wala ugomvi. Hakuna mwombolezaji aondokaye akilalamika kwamba amedanganywa, kwa sababu wote wanazijua kanuni za wasifu huo. Wanajua umesomwa ili kumheshimu aliyekwenda na kuwaonyesha waliobaki njia ya kufuata. Msikilizaji wa karne ya 13 naye alizijua kanuni zake vivyo hivyo. Sisi tuliozikuta hadithi hizo bila kanuni zake ndio tunaopotea.

Kristofa na Margareta mbele ya msikilizaji wa ngano

Tuchukue mifano miwili. Kristofa, kwa habari ya Legenda Aurea, alikuwa jitu la urefu wa dhiraa 12, mwenye sura ya kutisha. Alitaka kumtumikia mfalme mkuu kuliko wote. Alipoona kwamba mfalme wake anamwogopa Shetani, alimwacha akamfuata Shetani. Na alipoona kwamba Shetani anauogopa msalaba, alimwacha naye. Mkaapweke mmoja akamwagiza akae kando ya mto wenye mkondo mkali, awavushe wasafiri mabegani. Usiku mmoja alimvusha mtoto mdogo, na kila hatua mtoto akawa mzito kama risasi, hata jitu likakaribia kuzama. Huyo mtoto alikuwa Kristo. Jina Kristofa lenyewe, kwa Kiyunani, lina maana ya "mchukuzi wa Kristo".

Simulizi hili lina tabaka la zamani zaidi. Katika mapokeo ya Kiyunani, Kristofa ana kichwa cha mbwa. Na mapokeo hayo ya mashariki yamtaja kuwa mtu wa kabila la walao watu. Mhakiki wa Ulaya wa siku hizi huona hapo mambo ya ajabu tu. Lakini msikilizaji aliyekua akisimuliwa ngano za manani, yale mazimwi ya ngano za Kiluhya, hulitambua jitu hili mara moja. Anajua kwamba zimwi likikutana na mtoto mtoni, mtoto huliwa. Ndiyo maana yeye ndiye awezaye kuiona nguvu ya simulizi: zimwi limempakia mtoto begani, na aliye hatarini ni zimwi. Kaida ya ngano imepinduliwa, na katika kupinduliwa huko ndimo fundisho lilimo. Asiyeijua kaida hawezi kuona kwamba imepinduliwa.

Mfano wa pili ni Margareta wa Antiokia. Husimuliwa kwamba alipokuwa gerezani joka lilimtokea likammeza, naye akafanya ishara ya msalaba, joka likapasuka akatoka mzima. Kwa sababu hiyo wanawake wa Ulaya walimwomba wakati wa uchungu wa uzazi. Habari ya kumezwa na kutoka mzima si ngeni kwa Waafrika wa mashariki, kwani katika ngano nyingi za Kibantu zimwi huuawa na waliomezwa hutoka hai. Wasomaji wa Kiswahili nao wanamkumbuka Nunda mla watu, katika hadithi ya Sultani Majinuni iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba Jacobus mwenyewe hakuliamini tukio la kumezwa. Anatoa kwanza habari kwamba joka lilitoweka kwa ishara ya msalaba; kisha anaitaja ile ya kumezwa, na kuonya kwamba huhesabiwa kuwa haina msingi wala uzito. Hata hivyo ameiandika. Mtu wa karne ya 13, basi, hakuwa mjinga aaminiye kila asikiacho. Alijua kutofautisha, na alijua pia kwamba habari inayosimuliwa na watu wengi haifai kufichwa hata kama haithibitiki.

Ukweli na mamlaka ya kusimulia

Si kweli, basi, kwamba swali la ukweli lililetwa na wasomi wa siku hizi. Tangu mwanzo lilikuwapo, pamoja na swali jingine gumu zaidi: nani ana mamlaka ya kusimulia? Habari za Fransisko wa Asizi zinaonyesha jambo hili. Alifariki mwaka 1226, akatangazwa mtakatifu mwaka 1228, na Thomas wa Celano akaandika maisha yake ya kwanza karibu na wakati huo huo. Watu wengi waliomfahamu walikuwa hai, na shirika lake likagawanyika juu ya namna ya kuufuata umaskini wake. Bonaventura, mkuu wa shirika, aliandika maisha mapya, na mwaka 1266 mkutano mkuu uliofanyika Paris uliamuru maandishi ya awali yaharibiwe. Baadhi yalinusurika, hasa katika maktaba zisizokuwa za shirika hilo. Hata mwaka 2015 mwanahistoria Mfaransa Jacques Dalarun alitangaza kupatikana kwa andiko jingine la Thomas wa Celano, katika kijitabu kidogo cha mkono kilichokuwa hakijulikani. Amri ya kuharibu ni ushahidi kwamba maandishi haya hayakuwa mapambo. Mwenye kushika hadithi ya mwanzilishi ndiye aliyeshika mwelekeo wa watu wake.

Baadaye kanisa lenyewe lilianzisha upimaji wa kitaalamu. Mjesuiti Jean Bolland na wenzake walianza kuchapisha Acta Sanctorum huko Antwerp mwaka 1643, wakilinganisha miswada na kutenga ya kale na ya baadaye. Mrithi wao, Hippolyte Delehaye, alitoa mwaka 1905 kitabu juu ya legenda za watakatifu, akionyesha jinsi kumbukumbu ya umma inavyorahisisha, inavyokuza na inavyohamisha matukio. Mtafiti wa fasihi simulizi asomaye kazi hiyo atajiona yuko nyumbani.

Matokeo yake yalifika hadi kwa wenye majina. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alipoitengeneza upya kalenda ya kanisa, sikukuu za Margareta wa Antiokia, Barbara na Katarina wa Aleksandria ziliondolewa katika kalenda ya kanisa lote, nayo ya Kristofa ikaachiwa kalenda za mahali. Wengi ulimwenguni walielewa kwamba watakatifu hao "wamefutwa". Haikuwa hivyo. Lililosemwa ni kwamba habari zao hazina msingi wa kutosha wa kihistoria kuadhimishwa na wote. Na Katarina alirudishwa katika kalenda hiyo mwaka 2002. Lakini tufikirie hali ya mtu aliyebatizwa Kristofa, akaambiwa kwanza kwamba hadithi ya jina lake ni ya kweli kama hati ya serikali, kisha akaambiwa kwamba si kitu. Mtu huyo amenyang'anywa jina mara mbili. Kama angefundishwa tangu mwanzo kwamba hadithi ni ya utanzu fulani, wenye kazi fulani, asingepoteza chochote.

Mashahidi wa Uganda

Tulisema kwamba njia ya pili ya hadithi ilipitia Uganda. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo wengi, miongoni mwao Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 ambao majina yao yanakumbukwa. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki 22 walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. J. F. Faupel, padri wa Shirika la Mill Hill, alichapisha habari zao kwa Kiingereza mwaka 1962. Kila mwaka ifikapo Juni mahujaji hutoka Kenya kwenda Namugongo, wengine kwa miguu.

Hapa tarehe zipo, mashahidi wa macho walihojiwa, na mahali panajulikana. Na hata hivyo simulizi limepangwa kwa kaida zile zile za kale: wito, jaribu, kukataa, safari ya kwenda kuuawa, maneno ya mwisho. Katika mahubiri ya kuwatangaza, Papa Paulo VI aliwaunganisha na mashahidi wa kale wa Afrika ya Kaskazini, na kuwataja pia Waanglikana. Siasa za ikulu ya Buganda, hofu ya Kabaka mbele ya mataifa ya kigeni, na mashindano ya makundi ya dini, yote hayo yamebaki pembeni na kuachiwa wanahistoria. Mfano huu wathibitisha kwamba kaida za utanzu si dalili ya uwongo. Tukio la kweli kabisa laweza kusimuliwa kwa kaida, kama vile marehemu wa kweli kabisa asomewavyo wasifu.

Istilahi

Tuyaiteje basi maandishi haya kwa Kiswahili? Maneno manne yanajitokeza. Visasili hayafai, maana visasili husimulia asili ya ulimwengu na desturi. Visakale yakaribia, lakini humwelekeza mwanafunzi kwenye mashujaa wa kale, na humtia shaka kabla hajasoma. Wasifu, kwa matumizi ya siku hizi, huahidi habari za mtu zilizothibitishwa, ahadi ambayo mwandishi wa karne za kati hakuitoa. Hagiografia ni neno la wataalamu, na kwa msomaji wa kawaida halina picha yoyote.

Yafaa tutazame majirani walivyofanya. Kanisa la Ethiopia lina maandishi mengi ya namna hii kwa Kigeez, kama vile maisha ya Takla Haymanot, nayo huitwa gadl, yaani mapambano. Walatini waliyataja kwa kusomwa kwake. Wahabeshi waliyataja kwa juhudi ya mtakatifu. Waislamu wa pwani nao wana manakibu, yaani simulizi la fadhila na karama za walii. Linalojulikana sana ni la Sheikh Abdulkadir al-Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166, ambalo husomwa katika mikusanyiko ya tarika ya Kadiria, iliyoenezwa Afrika Mashariki hasa na Sheikh Uways wa Barawa. Jina hili lataja sifa: andiko lasomwa kwa sauti, mbele ya jamaa ya waumini, ili fadhila zikumbukwe. Hiyo ndiyo kazi ya legenda.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba utanzu wote uitwe manakibu, na tawi la Kikatoliki liitwe manakibu ya watakatifu. Huenda Mkatoliki akaona neno hili ni la Kiislamu. Lakini sala, ibada, malaika, shahidi na karama yote yalikuja kwa Kiarabu, na yanatumiwa na wote bila ugomvi. Katika Kaunti ya Kakamega hoja hii haihitaji maneno mengi. Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ulipokea Uislamu kwa wafanyabiashara Waswahili katika karne ya 19, kisha ukapokea misheni ya Kikatoliki mwaka 1904. Tanzu hizi mbili zimekaa jirani kwa zaidi ya miaka mia, na hazijapata kuulizwa swali moja darasani.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya watakatifu wa karne za kati ni utanzu wenye mizizi Afrika, wenye muundo na kaida zijulikanazo, na uliopimwa ukweli wake na watungaji wake wenyewe. Mwalimu wa fasihi atakayeyafundisha asianze kwa kuuliza, "Je, yalitokea?" Swali hilo lina mahali pake, nalo lijibiwe kwa uaminifu: Kristofa wa mtoni hana ushahidi, Karoli Lwanga wa Namugongo anao. Lakini litanguliwe na maswali mengine: lilisomwa wapi, na nani, mbele ya nani, na kwa kusudi gani? Haya ndiyo maswali tunayoyauliza ngano za manani na wasifu wa mazishini. Mwanafunzi aitwaye Margaret au Christopher akiweza kuyauliza juu ya hadithi ya jina lake, atakuwa amelipokea jina hilo kwa mara ya kwanza akijua alilopewa.